Ligi ya raga Kenya: timu zinazokacha mechi za Pwani zinatudhulumu mashabiki

Wakuu, nimerudi Tanga usiku wa manane na hasira haijashuka, kwa hiyo mtanivumilia.

Sisi wapenzi wa raga huku Tanga hatuna ligi ya kuangalia nyumbani. Uwanja wetu wa Mkwakwani ni soka tu. Tunaifuata ligi ya klabu za Kenya kwa sababu Mombasa ni karibu kwetu kuliko Dar. Jumamosi tukachanga, tukakodi Hiace, tukagonga pasi mpakani Horohoro, tukasota na foleni ya feri pale Likoni jua la utosi, tukawahi uwanjani.

Chokaa imepigwa upya, milingoti imevishwa magodoro. Vijana wa Mombasa wamefunga plasta masikioni, wanasukumana skramu, ule msukumano wa mabega wa kugombea mpira. Namba mbili wao, ndiye mrushaji, amesimama kwenye mstari anarudia kurusha mpira wa laini-auti, yaani ule wa kurudishwa uwanjani ukishatoka nje, mmoja baada ya mwingine, jasho linamchuruzika. Upande wa pili wa uwanja hakuna hata mtu mmoja. Muda ukafika, refa akasubiri, akaangalia saa, akaandika kwenye karatasi yake, akapuliza filimbi. Ushindi wa chee, Mombasa wameshinda bila kucheza! Yule namba mbili akakaa chini akaanza kufungua kamba za viatu.

Kiongozi mmoja anatuambia wageni walikosa nauli, na habari hiyo ilijulikana tangu Alhamisi. ALHAMISI! Na Ijumaa usiku tangazo la mechi lilikuwa bado linazunguka mtandaoni. Huu ni utapeli, sina jina jingine.

Msiniambie umaskini. Najua klabu nyingi zinaishi kwa michango. Tangu 2015 mpaka 2024 Kombe la Kenya (Kenya Cup, ndiyo ligi kuu ya raga huko) halijatoka mikononi mwa klabu za KCB na Kabras, mmoja ana benki nyuma yake, mwingine ana kiwanda cha sukari. Wengine wanahangaikia basi. Sawa, lakini hii ni nchi iliyoipiga Fiji 30-7 kwenye fainali ya raga ya wachezaji saba Singapore 2016! Chama cha raga kinashindwaje kutenga fungu la safari za Pwani kabla ratiba haijatoka? Umbali wa Nairobi na Mombasa haukugunduliwa msimu huu.

Na msidhani anayeumia ni shabiki peke yake. Kwenye raga kushinda ni pointi nne, ukifunga trai nne (trai ni kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani) unaongezewa moja, hata ukifungwa kwa tofauti ya pointi saba au pungufu unaokota moja. Msimamo unaamuliwa na vijipointi hivyo. Kwenye Kombe la Kenya sita wa juu ndio wanaingia mtoano, na wawili wa kwanza wanapita moja kwa moja hadi nusu fainali. Sasa mmoja anavunjika mbavu kutafuta trai ya nne, mwenzake anapewa pointi akiwa amekaa. Hiyo ni haki?

Ninachotaka: timu isiyosafiri ikatwe pointi zake yenyewe na imlipe mwenyeji gharama za uwanja. Mechi ikifa, itangazwe saa ileile. Waandaaji wanasoma humu, najua wanasoma. Na mdau yeyote wa Mombasa mwenye uhakika kama wageni wa Jumamosi ijayo wameshakata tiketi, aandike hapa chini kabla ya Ijumaa mchana, maana dereva wa Hiace anadai kishika uchumba.