Sheria za kijiwe kwenye mchezo wa dadu na masimulizi: uhalisia uishie wapi?

Kuchele83 (Mtwara)

Wakuu, naomba mawazo. Tupo watano mezani, tunatumia toleo la tano la Dungeons & Dragons, kanuni za mwaka 2014. Kisa tumekiweka pwani yetu hii hii: ulimwengu wa kubuni, ila Mikindani ipo, Kilwa ipo, Ruvuma ipo, enzi za majahazi na masultani. Sasa ubishi ni huu. Wachezaji wawili wanataka tuongeze sheria zifuatazo:

- Ukipata 1 kwenye dadu ya pande 20 unaposhambulia, silaha ikuponyoke au ujikate mwenyewe.
- Usingizi wa usiku mmoja usirudishe pointi zote za uhai (zile zinazopungua ukiumia).
- Jua, maji na uzito wa mzigo vihesabiwe.
- Kuanguka kuue kweli.

Wengine wawili wanasema mtu anawasha moto kwa kidole, uhalisia wa nini tena? Mimi ndiye mwendesha mchezo, kwa hiyo kura imebaki kwangu. Ipi nichukue, ipi niache, na nikiichukua niiandike vipi isije ikabomoa kingine?

Dadu_ya_Shangani

Mkuu, hoja ya "kuna uchawi basi lolote liende" usiikubali. Uchawi wenyewe una masharti yake kitabuni. Mchezaji anahitaji kukisia matokeo kabla hajaamua: nikiruka ukuta huu nitaumia kiasi gani, nikivuka pori hili nitafika na maji? Hapo ndipo uhalisia una faida. Usipomsaidia mtu kuamua, ni mapambo tu.

Kwa kipimo hicho, sheria ya 1 itupe leo. Piga hesabu. Kila ukirusha dadu, nafasi ya kupata 1 ni asilimia 5. Mpiganaji wa ngazi ya 1, yaani anayeanza, anashambulia mara moja kwa raundi, na raundi ni sekunde 6, kwa hiyo ndani ya dakika nzima anarusha mara 10. Wa ngazi ya 20, ya juu kabisa, anashambulia mara 4 kwa raundi, yaani mara 40. Maana yake bingwa wa upanga ataangusha silaha wastani wa mara 2 kila dakika, na mwanafunzi wake nusu mara. Uhalisia gani huo? Halafu mchawi anayetumia uchawi wa kulazimisha adui ndiye arushe dadu ya kujinusuru haguswi kabisa. Umewaadhibu wapiganaji peke yao, na wale ndio tayari wapo nyuma ya wachawi ngazi zikishapanda.

Kama lazima mtu ateleze, basi iwe 1 kwenye shambulio la kwanza la raundi tu, na hasara iwe ya nafasi: adui anasogea futi 5 bila kupigwa. Silaha isiponyoke.

Kuanguka: kitabu kinasema dadu moja ya pande 6 kwa kila futi 10, mwisho dadu 20. Kwa mtu wa kawaida inatosha sana. Mwananchi asiye na mafunzo ana pointi 4 za uhai. Aanguke kutoka tawi la mkorosho lililo futi 10 juu, dadu ikitoa 4, 5 au 6 yuko chini. Nusu kwa nusu. Tatizo ni wakubwa: mpiganaji wa ngazi ya 10 mwenye Ustahimilivu (namba ya uimara wa mwili) 14 ana pointi 84 hivi, na futi 200 zinampunguzia wastani wa 70. Anajifuta vumbi anaendelea. Dawa isiyobomoa kitu: kila futi 50 kamili za kuanguka ziongeze ngazi moja ya uchovu. Pointi zitarudi akilala, ila atachechemea siku kadhaa.

Angalizo la uchovu: ule wa 2014 ni mkali, ngazi ya 3 tu tayari mashambulizi yote yanarushwa kwa dadu mbili na unachukua ndogo. Chukua wa toleo la 2024: kila ngazi inakata 2 kwenye dadu ya 20 na futi 5 kwenye mwendo, ya 6 unakufa. Unahesabika kichwani bila kufungua kitabu.

Binti_Mikindani

Naunga mkono ya uchovu. Kwenye usingizi nina la kuongeza.

Kitabu cha mwendesha mchezo cha 2014 kina chaguo tayari: mapumziko mafupi yawe saa 8, marefu, yale yanayorudisha pointi zote, yawe siku 7. Wengi wanaliweka hivyo hivyo, baada ya wiki mbili wanalalamika. Sababu ni kwamba muda wa uchawi haukuguswa. Deraya (vazi la vita) ya kichawi inadumu saa 8. Zamani ilifunika karibu siku nzima ya hatari. Sasa hatari zilezile zimetawanyika juma zima, na mchawi hapati nafasi nyingine ya kutumia uchawi huo mpaka alale siku 7. Anayerudishiwa nguvu kwa mapumziko mafupi anapeta, mwenzake anakaa kama mzigo.

Rahisi zaidi: acha saa kama zilivyo, badilisha mahali. Mapumziko marefu yapatikane penye paa, maji ya kisima na mtu wa kukesha, yaani mjini, bandarini, au kwa mwenyeji. Porini na chomboni ni mafupi tu. Hapo hubadilishi uchawi hata mmoja, na kila kijiji kwenye ramani kinapata thamani.

Sasa bahari, maana kisa ni cha pwani na hakuna aliyeitaja! Kitabu kinaipa meli ya matanga maili 2 kwa saa, basi. Hakijui kusi wala kaskazi, pepo zetu za msimu. Mikindani hadi Kilwa kwa mstari ulionyooka ni kama maili 100. Mkitia nanga usiku mnasafiri saa 12, maili 24 kwa siku, siku nne na kitu. Weka hivi: upepo ukiwa nyuma mwendo mara mbili, ukiwa ubavuni kama kitabu, ukiwa usoni theluthi, kwa sababu nahodha itabidi abishe, akate huku na huku, na njia inarefuka. (Kubisha, neno lilelile la mezani kwenu.) Kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi kusi inavuma, kwenda Kilwa ni siku mbili. Kurudi msimu huohuo ni siku 12 au 13, na mkondo wa bahari pwani hii unakwenda kaskazini mwaka mzima, kwa hiyo nao unakurudisha nyuma. Mwenye akili anasubiri kaskazi ya Desemba hadi Machi, au anatembea kwa miguu.

Kosa ambalo litakupata: ukiifanya bahari ngumu hivyo bila kuweka vituo, wachezaji hawatapanda chombo tena. Weka vituo vya maji njiani, Sudi, Lindi, Mchinga, Kiswere, na kila kimoja kiwe na bei yake: ushuru, deni, au mtu anayewatafuta.

Kuchele83 (Mtwara)

Asante dada, hiyo ya mahali pa kulala nimeipenda, inapita bila kura. Ila kwenye joto nimekwama. Kitabu kinasema joto kali ni kuanzia nyuzi 100 za Fahrenheit. Hiyo ni kama 38 za kwetu, Mtwara hatufiki huko kirahisi. Ina maana sheria haitumiki? Na kuhesabu ratili moja moja kutawachosha.

MkoroshoMkavu (Lindi)

Kuhesabu ratili ni kazi ya karani wa ghala. Fanya kwa nafasi. Nafasi moja ni ratili 5, na mtu ana nafasi sawa na namba ya Nguvu zake. Hii si ya kubuni hewani: chaguo la mzigo la kitabu linasema ukipita Nguvu mara 5 kwa ratili mwendo unapungua futi 10, hesabu ni ileile. Ukizidisha nafasi hata moja, mwendo 30 unakuwa 20. Sarafu 250 nafasi moja, kwa kuwa 50 ni ratili.

Joto lipo la namna mbili kitabuni, usilichanganye. Joto kali la dadu kila saa ndilo la nyuzi 38, liache. Kuna jingine, hali ya hewa ya joto tu, halina namba: maji ya siku yanapanda kutoka galoni 1 hadi 2. Hilo ndilo la kwetu. Ukipata nusu ya maji, dadu ya Ustahimilivu ifike 15 au uchovu ngazi 1. Chini ya nusu, ngazi 1 bila dadu, na ukishakuwa na uchovu zinakuwa 2. Bila maji kabisa: siku ya kwanza 1, ya pili 3, ya tatu 5, ya nne umekufa. Na kulala hakupunguzi uchovu kama hujala wala kunywa. Hapo kitabu kimekaa vizuri chenyewe, usikiguse.

Mwenye deraya nzito, ongeza sharti moja: akitembea na deraya kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni anahitaji galoni 3. Akiivua, 2. Achague mwenyewe.

Angalia sasa inavyobana. Kiriba kimoja ni painti 4, kikijaa ni ratili 5, nafasi moja. Galoni 2 ni viriba 4. Mpiganaji wa Nguvu 16 ana deraya ya minyororo, ratili 55. Iliyovaliwa mpe nafasi 5 badala ya 11, uzito umesambaa mwilini. Ngao 1, upanga 1, posho 2, kamba 2, viriba 4. Jumla 15. Imebaki nafasi moja ya kubebea hazina, na maji ni ya siku moja, tena kama hatembei na deraya mchana.

Dadu_ya_Shangani

Watakodi wapagazi hao. Kibarua asiye na ujuzi kitabuni ni sarafu 2 za fedha kwa siku, bei ya bure.

MkoroshoMkavu (Lindi)

Waache wakodi, ndiyo raha yenyewe. Mpagazi wa Nguvu 10 ana nafasi 10, na yeye anakunywa viriba 4 kwa siku. Kisima kikiwa umbali wa siku moja, zinabaki 6 za mzigo wako. Kikiwa siku mbili, zinabaki 2. Siku tatu anahitaji viriba 12, hawezi hata kujibebea maji yake mwenyewe. Kwa hiyo huhitaji kuwakataza kuvuka nyika. Chora visima kwenye ramani, wenyewe watafuata mstari wa visima, na wewe unajua wapi pa kuweka wavamizi.

Na kama kuna anayesema joka na uzito wa mzigo havikai kisa kimoja, mwambie mlima Tendaguru uko hapa Lindi. Mifupa ya mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) ilichimbwa pale kuanzia 1909 hadi 1913, ikabebwa vichwani na wapagazi hadi bandarini. Mifupa ya mjusi mmoja imesimamishwa Berlin, kimo mita 13 na ushei. Muulize viriba vingapi.

Kuchele83 (Mtwara)

Naandika karatasi moja: nafasi, maji, mahali pa kulala, upepo, uchovu wa kuanguka. Ya dadu 1 imekufa. Swali la mwisho: mganga wetu ana uchawi wa kuumba maji, galoni 10 kwa mara moja. Si unafuta yote haya?

Binti_Mikindani

Haufuti. Unakula nafasi yake ya uchawi ya ngazi ya 1, na umeshakubali mapumziko marefu ni mjini, bandarini au kwa mwenyeji tu, kwa hiyo njiani hairudi. Galoni 10 ni watu watano kwa siku, yaani wachezaji wako wanne na mpagazi mmoja tu. Na yanahitaji chombo cha wazi cha kuyapokea. Muulize amebeba ndoo?