Kampuni ndogo ya uchapishaji inanitaka nichangie shilingi 2,400,000 ili diwani yangu ya mashairi itoke: nikubali au nisubiri?

Mwalimu wa Pangani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Pangani, nina miaka 41, na nimekuwa nikitunga mashairi tangu nilipokuwa kidato cha pili. Mwaka jana nilikusanya tungo 96 zilizokuwa zimetawanyika katika madaftari manne, nikazichapa kwa kompyuta ya shule baada ya saa za kazi, kisha nikazipeleka kwa kampuni ndogo ya uchapishaji iliyoko Dar es Salaam, ambayo inaendeshwa na watu watatu tu.

Baada ya miezi saba wamenijibu kwamba mswada wameupenda, lakini kwa kuwa soko la ushairi ni dogo, wananiomba nichangie shilingi 2,400,000 ili zichapwe nakala 500. Kitabu kitauzwa shilingi 12,000, nami nitapata mrabaha wa asilimia 10 pamoja na nakala 10 za bure. Fedha hizo ninaweza kuzipata kwa kukopa kwenye kikoba chetu, ambako nina hisa za miaka mitatu nilizokuwa nimeziwekea mahitaji ya mwanangu anayekwenda bweni kuanza kidato cha tano. Mume wangu amesema uamuzi ni wangu, na kauli hiyo imenielemea kuliko angenikataza.

Mkataba una kurasa tatu, na kifungu kimojawapo kinasema kwamba haki zote za kazi hii zitakuwa za mchapishaji. Wamenitumia pia kurasa chache za mfano, na ukurasa wa 31 umenitia huzuni kwa jinsi mistari yangu ilivyokatwa. Naomba ushauri wa dhati, kwa sababu sitafuti utajiri. Ninatamani kukishika kitabu hiki mkononi mama yangu akiwa bado hai.

Mhariri Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimehariri vitabu kwa zaidi ya miaka 30, na naomba kabla ya jambo lolote upige hesabu pamoja nami. Mrabaha wa asilimia 10 kwa kitabu cha shilingi 12,000 ni shilingi 1,200. Nakala zote 500 zikiuzwa, bila hata moja kuliwa na mchwa, utapata shilingi 600,000. Umetoa 2,400,000. Kwa hiyo hata mambo yakienda vizuri kupita matarajio ya mtu yeyote katika biashara hii, bado utakuwa umepoteza shilingi 1,800,000, na fedha hizo ni za bweni la mtoto.

Kuhusu kifungu cha haki, usitie saini kikiwa hivyo kilivyo. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hapa Tanzania hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ukiandika kwamba haki zote ni za mchapishaji bila kutaja muda, unawafunga hata wajukuu ambao bado hawajazaliwa. Taka iandikwe kwamba unawapa ruhusa ya kuchapa na kuuza kitabu kwa Kiswahili kwa miaka mitano, na kwamba kitabu kikiadimika madukani kwa miezi kumi na miwili na wao hawakichapi upya, haki zinarudi kwako bila ya kudaiana. Mchapishaji mwaminifu hatakasirika kwa ombi hilo.

Vina na Mizani

Mwalimu, mimi umenigusa na huo ukurasa wa 31, kwa sababu nina hakika najua kilichotokea. Wapangaji wengi wa kurasa wamezoea riwaya, na wakipewa shairi la mizani 16, yaani silabi 16 kila mstari, huliweka kwenye karatasi ya A5 kwa herufi kubwa na pambizo pana, halafu wanalipanga katikati kama kadi ya harusi. Mstari kama huu, *Kalamu naishikia, wino nao umekwisha*, unakosa nafasi, na neno "umekwisha" linaangukia chini peke yake. Msomaji anayehesabu mizani anaona mstari wa mizani 12 na kijineno cha mizani 4, kina cha mwisho hakionekani kilipo, na shairi lililo sahihi linaonekana limevunjika mguu.

Waombe wapunguze herufi hadi ukubwa wa 10.5, pambizo ziwe milimita 15, na utao, yaani kile kipande cha pili cha mstari baada ya koma, uanze mahali pamoja katika kila mstari ili vina vya kati na vya mwisho viteremke wima, jicho livione kabla ya sikio. Kazi hiyo haiongezi gharama hata ya senti. Wakikataa, utakuwa umejua kwamba hawana mtu anayelisoma shairi kama shairi, na kwangu mimi hilo ni kosa kubwa kuliko kukuomba fedha.

Mchapishaji Arusha

Dada yangu, naomba nizungumze kutoka upande wa pili wa meza, maana ninaendesha kampuni ya namna hiyohiyo mimi na mdogo wangu, katika chumba kimoja ambacho nusu yake ni stoo. Diwani yangu ya mwisho niliichapa nakala 300, na ilichukua miezi 19 kuisha. Ilikuwa na kurasa 120, na kila nakala ilinigharimu shilingi 4,300 kiwandani. Duka la vitabu linachukua asilimia 35, kwa hiyo kwenye kitabu cha shilingi 12,000 ninabaki na 7,800. Nikitoa mrabaha na gharama ya uchapaji zinabaki 2,300, na humo ndimo mnatoka fedha ya mhariri, mchoraji wa jalada na nauli ya mabasi ya kupeleka maboksi. Siwezi kuwalaumu wenzangu kwa kuogopa ushairi.

Lakini nisome vizuri. Nakala 500 kwa gharama kama yangu ni shilingi 2,150,000. Maana yake hicho wanachokiita mchango kinalipia uchapaji wote na chenji inabaki, halafu bado wanakupa asilimia 10 kana kwamba hatari wameibeba wao. Hapo sikubaliani nao kabisa.

Nenda ukawaambie kwamba hutatoa mchango ila utanunua nakala. Wachape 300, nawe ununue 150 kwa bei wanayoliuzia duka, yaani 7,800 kila moja, ambayo ni shilingi 1,170,000, ulipe nusu unapotia saini na nusu maboksi yakifika. Ukiziuza zote kwa 12,000 utapata 1,800,000, na unalipa kikoba. Swali ninalowauliza washairi wangu kabla ya kukubali mswada ni hili: watu 150 hao ni akina nani? Uandike majina. Walimu wenzako wa wilaya, wanakwaya, akina mama wa kikoba, watu mliosoma nao chuo. Ukishindwa kufikisha majina 80, chapa nakala 100.

Mhariri Mstaafu

Hesabu za dada wa Arusha ni nzuri, ila kwenye kulipa kabla ninaona amekuwa mpole. Theluthi inatosha. Nimeshuhudia nusu ikilipwa, na maboksi yakachelewa mwaka mzima.

Mlumbi wa Mombasa

Salamu kutoka Kisauni, mwalimu. Ningependa usisahau kwamba ushairi wetu haukuanza na kitabu. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, washairi walijibizana humo kwa miaka mingi, na wasomaji wakawajua kwa majina kabla ya diwani zao kutoka. Mimi mwenyewe wasomaji wangu niliwapata kwa kupeleka mashairi gazetini, na nilipochapa kijitabu changu cha kurasa 48 kwenye duka la uchapaji la River Road kule Nairobi, walionunua walikuwa ni walewale.

Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mombasa, alifariki karibu mwaka 1840, na diwani yake ilichapwa mwaka 1940. Tungo zake zilinusurika kwa sababu kulikuwa na watu waliozihifadhi vichwani, na kwa kuwa msomi Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor walijishughulisha kuzikusanya na kuziandika. Sikuambii usubiri miaka mia, mama yako anakungoja. Ninachokuomba ni utengeneze nakala tatu za mswada wote leo, zikae nyumba tatu tofauti, kwa maana madaftari manne na kompyuta moja ya shule ni hifadhi dhaifu.

Zipo pia tuzo zinazopokea miswada: huko kwenu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu, na ile ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Cornell. Soma masharti kabla hujatia saini popote, kwa kuwa ukishachapa milango mingine hufungwa.

Mwalimu wa Pangani

Nawashukuru sana. Jana usiku nilikaa na daftari nikaandika majina kama nilivyoelekezwa, nikafika 94, na nilipompigia mama akaniongezea 11 wa msikitini kwake, ambao amesema atawafuata yeye mwenyewe mlango kwa mlango. Kwa hiyo nakala 150 sizichukui. Nimewaomba wachapishaji nichukue 100, theluthi ya fedha mwanzo.

Nimezungumza nao kwa simu asubuhi. Suala la kununua nakala wamelikubali, muda wa miaka mitano wamelikubali baada ya kuvutana, na la haki kurudi wamesema watamuuliza mwenzao wa tatu aliye safarini. Mpaka ajibu sitii saini, na fomu ya mkopo bado iko kwenye mkoba. Mlumbi, nakala ya kwanza imekwenda kwa dada yangu Muheza, na ya pili nitaipeleka kwa mama Ijumaa.

Ukurasa wa 31 nimeuandika upya kwa mkono, kwa rula, utao wote ukianzia mstari mmoja, nikaupiga picha na kuwatumia. Mpangaji wao amenijibu kwamba hakuwahi kuambiwa kwamba ile koma ya katikati ina kazi, na ameomba nimtumie na zile nyingine 95.