Naomba ushauri: biskuti za krimu kwa hamira ya asili iliyobaki

Habari zenu wapendwa. Nina hamira ya asili, ile ya unga na maji tu inayochachuka yenyewe, naitumia kwa mikate. Kila nikiilisha inabidi nipunguze kikombe kizima, na kumwaga unga roho inaniuma, hasa kwa bei za sasa.

Jana nikajaribu biskuti za kubandika mbili mbili zenye krimu katikati. Nilichanganya siagi gramu 120, sukari gramu 100, unga gramu 220, hamira gramu 100, yai moja na magadi soda nusu kijiko cha chai. Oveni digrii 180, dakika 12. Ladha ilikuwa nzuri sana, ina uchachu kwa mbali. Ila zilitanuka, na zilipopoa zikawa laini kama keki. Nilitaka zivunjike kwa mlio.

Nahisi ni maji, maana nusu ya hamira yangu ni maji. Je, nitoe yai au nipunguze hamira? Na krimu ya siagi na sukari laini, kwa joto hili la Dar, mnaizuiaje isiyeyuke? Watoto wanazitaka za kubeba shuleni.