Kitoto cha mbwa kinaharisha damu, naomba msaada wa haraka

Kimanga_Juu: Wakuu habari za asubuhi. Nina kitoto cha mbwa cha miezi miwili na nusu, tangu juzi hagusi uji wa dagaa, anatapika povu na leo kaanza kuharisha damu inanuka vibaya mno. Mwezi wa tano nilizika mwingine hivi hivi na huyu nikamweka banda lile lile, aliyeniuzia alisema kashachanjwa ila kadi hana. Roho inaniuma jamani, nifanyeje?

MamaSimba: Pole sana ndugu yangu. Inafanana kabisa na parvo, ule ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi usingoje jioni!! Dripu ndo inaokoa maana maji yanamwisha mwilini.

MfugajiMbezi: Tatizo banda mkuu. Kirusi cha parvo kinakaa kwenye udongo miezi hata mwaka, sabuni ya kawaida hakisikii, we ondoa uchafu wote kwanza afu pitisha jiki na maji, kipimo 1 kwa 30, iache dakika 10. Na chanjo moja haitoshi, kinga ya maziwa ya mama inaizuia isishike, ndo maana wanaanza wiki 6 mpaka 8 wanarudia kila wiki 3 au 4 hadi afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa usiisahau, akifika miezi 3.

Kimanga_Juu: Asanteni, tupo kwenye bajaji, nimemfunga kwenye kanga, macho yamezama ila nilivyomwita katikisa mkia kidogo.