Pomboo na nyangumi wa pwani yetu: daftari moja, au kila mtu na lake?

Mwanapwani wa Tanga
Ndugu zangu, naleta hoja. Kisite, hifadhi ya bahari ya kusini mwa Kenya, wana albamu yao ya mapezi ya pomboo, picha za kumtambua kila mmoja, tangu 2006. Unguja kusini picha zilianza kupigwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kenya tangu 2011 wana mtandao wao, Watamu wakiwa mstari wa mbele, na wao hurekodi hata nyangumi wa nundu wanaopanda kutoka kusini wakati wa kusi. Haya, pomboo mwenye pengo kwenye pezi anayejulikana Kisite akishuka mpaka Moa kwetu Tanga, nani atamtambua? Kwa pomboo Kisite na Moa ni pua na mdomo, lakini kwetu sisi ni nchi mbili, vibali viwili, kompyuta mbili.

Pendekezo langu: daftari moja la pwani nzima, na kila anayepewa kibali cha utafiti alazimike kuacha nakala ya picha na takwimu zake. Swali: ni nani wa kuliratibu? Serikali, vyuo, au WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambao tayari makao yao yako Zanzibar? Na tuseme kweli, tusipofanya hivyo wavuvi wetu watawamaliza kwa majarife huku sisi tukihesabu mizoga.

Jarife la Alfajiri
Wavuvi wetu watawamaliza. Umeandika aya mbili nzuri, halafu ukamalizia kwa kututia kisu.

Nakwambia jarife linavyofanya kazi, maana naona hujawahi kulivuta. Linatupwa jioni, linalala na mkondo, linavutwa alfajiri. Pomboo akinasa hafi kwa nyuzi, anafia maji, kwa sababu hawezi kupanda kuvuta pumzi. Unajua kabla hujamuona: wavu unakuja mzito na hauchezi. Papa akinasa anapigana, wavu unatetemeka mkononi. Huyu kimya. Na akishatoka, pande zima limechanika, wiki nzima unakaa chini ya mwembe na sindano ya kushonea. Nani anayetaka hasara hiyo?

Kilindini Kwetu
@Jarife pole, lakini hujajibu swali la daftari.

Jarife la Alfajiri
Nitalijibu nikiombwa radhi.

Msomi wa Mapezi
Naomba niingie, kazi yangu ni hii. Hakuna aliyesema mvuvi anakusudia. Tatizo ni hesabu. Pomboo wa pua chupa wa kusini mwa Unguja walikadiriwa kati ya 136 na 179 kwa miaka ya 1999 hadi 2002. Wale wa nundu hawakufika hata 70. Jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, kisha hukaa na mtoto miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Kundi dogo namna hiyo likipoteza wachache tu kila mwaka, vizazi havizibi pengo. Pomboo wa nundu wa bahari yetu tangu 2017 wamo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Huwezi kuyajua hayo bila picha za miaka mingi mahali pamoja, ndiyo maana namuunga mkono Mwanapwani.

Jarife la Alfajiri
Na mimi nasoma. Wataalamu walitoa makadirio 2020: majarife ya jodari Bahari ya Hindi yamenasa pomboo na nyangumi wadogo wapatao milioni nne tangu 1950. Milioni NNE. Walioongoza ni Iran, Indonesia, India, Sri Lanka, Pakistan. Vyombo vyenye mashine, nyavu za kilomita kwa kilomita. Sisi wa mashua ya tanga ndio tunaandikwa kwenye hoja ya kwanza?

Binti Watamu
Kaka, makadirio hayohayo Tanzania pia imo kwenye orodha ya wenye majarife. Ukiyataja, yataje yote.

Nahodha Kizimkazi
Assalam alaykum. Nimesoma kimya, sasa nasema. Wasomi wanaandika kana kwamba pomboo ameokolewa na karatasi. Wazee wetu walimpiga chusa, nyama ikawa chambo cha papa, mafuta yakapakwa vyombo. Uwindaji ule ulikufa katikati ya miaka ya tisini. Uliuliwa na nini? Na mgeni aliyelipa kupanda boti kumtazama pomboo hai. Kijiji kikaona hai ana faida kuliko mfu. Ghuba ya Menai, hii yetu ya kusini mwa Unguja, ikawa hifadhi 1997. Kwa hiyo kama mnatafuta wa kuratibu, njooni kwa wenye boti. Tuko na pomboo kila siku ya Mungu.

Binti Watamu
Kila siku ya Mungu mko juu ya vichwa vyao, Nahodha, nakuheshimu lakini hapo sikubali. Nilikuja kwenu na wageni wangu. Kundi lilikuwa na mama na mtoto ubavuni. Boti moja ikafika, ikafuata ya pili, ya tatu, mpaka sikuweza kuhesabu. Kila pomboo akizama, injini zinavuma kuelekea pale wanapodhani ataibuka, na watu wanatupwa majini mbele ya pua yake. Mama alibadili njia mara kwa mara, mtoto hakupata hata nafasi ya kunyonya. Hiyo ndiyo ratiba yenu?

Nahodha Kizimkazi
Dada, wewe ulikuja siku moja. Mgeni amelipa, amekaa kwenye ndege kwa saa kumi, anataka kuogelea na pomboo. Nikizima injini mita hamsini, jirani yangu anapita, mgeni ananiambia mbona yule anakaribia. Nani atanilipa mimi nikisimama?

Binti Watamu
Hapo umesema mwenyewe kwamba hakuna sheria inayowashika wote.

Nahodha Kizimkazi
Miongozo ipo. Tumefundishwa, tumepewa vyeti. Tatizo papasi, dalali wa watalii wa mjini, anamuahidi mgeni kuogelea nao kwa asilimia mia, halafu ananiletea mimi.

Msomi wa Mapezi
Utafiti umefanyika hapohapo Kizimkazi: boti zikiwepo, pomboo hupumzika kidogo na huzunguka zaidi. Ni nguvu inayopotea kila siku. Kuhusu kuogelea, msimamo wangu ni mmoja: kusiwepo kabisa penye mama na mtoto.

Kilindini Kwetu
Daftari, jamani.

Mswahili wa Maskati
Salaam kutoka Oman. Nawaletea mfano maana huku tumeumia zaidi. Nyangumi wa nundu wa Bahari ya Arabu hawahami kwenda kusini kama hao wanaopita kwenu. Wamo humu mwaka mzima, wanazaa humu, wanakula humu. Mwaka 1965 na 1966 meli za Kisovieti ziliwavua 242 kwa siri. Makadirio ya upande wa Oman baadaye ni nyangumi 82 tu. Wataalamu wa Oman walidhani ni wao peke yao, wa Pakistan na India kila mmoja na kipande chake. 2015 wakaunda mtandao mmoja. Mwishoni mwa 2017 jike aliyepewa jina Luban, aliyefungwa kifaa cha setilaiti pwani ya Oman, akavuka bahari yote mpaka India. Bila watu wa pande mbili kuzungumza, safari ile ingebaki mstari kwenye skrini.

Na msisahau, Bahari ya Hindi ni hifadhi ya nyangumi tangu 1979, Shelisheli ndio waliopeleka hoja kwenye tume ya kimataifa ya uwindaji wa nyangumi. Lakini hifadhi ile inazuia uwindaji wa biashara tu. Haisemi kitu juu ya nyavu.

Mwanapwani wa Tanga
Ahsante sana Mswahili. Hicho ndicho nilichokuwa nakililia. Wao hawakusubiri serikali saba zikubaliane, walianza na watu.

Mzaliwa wa Nungwi
Mnazungumza nyavu na boti, mbona hamtaji Aprili 2006? Pomboo kama mia nne walikufa ufukweni kwetu Nungwi. Nilikuwa kijana. Harufu ilikaa siku nyingi. Watu walipasua matumbo kutoa maini ya kupaka vyombo, wengine wakazika. Manowari za Wamarekani zilikuwa baharini. Mpaka leo hatujaambiwa.

Jarife la Alfajiri
Huyo ndiye! Mia nne kwa usiku mmoja, na hakuna jarife hata moja. Lakini daftari likifunguliwa, jina la kwanza litakuwa la mvuvi.

Msomi wa Mapezi
Taratibu. Wataalamu wa Zanzibar walifika, sampuli zilichukuliwa, sumu haikuonekana. Habari ya mitambo ya sauti ya manowari ilisemwa sana lakini haikuthibitishwa. Pomboo wakiingia maji mafupi wanaweza kupoteza mwelekeo wakapwelewa.

Mzaliwa wa Nungwi
Haikuthibitishwa kwa sababu hakuna aliyetaka kuthibitisha.

Msomi wa Mapezi
Au kwa sababu ili uone athari ya sauti lazima ukate kichwa kikiwa kibichi na uchunguze sikio la ndani, na kwenye joto letu una saa chache. Hilo linataka timu iliyo tayari, vifaa tayari, simu ya kupigiwa inayojulikana kila kijiji. Ndiyo kazi ya uratibu.

Mzaliwa wa Nungwi
Basi mseme hivyo tangu mwanzo, siyo albamu ya mapezi. Mwananchi hana haja na albamu.

Binti Watamu
Albamu ndiyo inakwambia aliyekufa ni nani. Pezi la mgongoni lina mapengo na makovu yasiyofanana kwa wawili, na chini ya mkia wa nyangumi wa nundu ndivyo hivyohivyo. Mzoga ukipigwa picha vizuri, utajua kama ni yule jike aliyezaa mwaka juzi au mgeni mpitaji.

Mzee wa Diko
Wajukuu, nimekaa kwenye mnada wa samaki tangu hamjazaliwa wengi wenu. Nawapa ukweli wa dikoni. Pomboo akinasa, mvuvi hamleti. Anamkata wavuni, anamuacha, kwa sababu akimleta ataulizwa, pengine atafungwa. Kwa hiyo hesabu mnazofanya ufukweni ni za wachache waliosukumwa na maji. Mkitaka hesabu ya kweli, mwenye wavu asiogope kusema.

Jarife la Alfajiri
Allah akuweke, mzee. Hilo ndilo jibu langu la daftari. Niliwahi kuripoti, nikaambiwa niache wavu wangu kituoni kama ushahidi. Sikuripoti tena.

Mwanapwani wa Tanga
Jarife, maneno yangu ya mwanzo yalikugusa, naona. Lakini sikubali kwamba nyavu zisitajwe. Nakuuliza jambo moja: ungepewa kifaa cha mlio cha kufunga kwenye wavu ili pomboo akae mbali, ungekitumia? Vilijaribiwa Zanzibar, na pomboo walinasa kidogo zaidi.

Jarife la Alfajiri
Ningekitumia. Betri ikiisha nani ananunua? Mradi ukishafungwa, wenye mradi wanaondoka na vifaa vinabaki kutu.

Mswahili wa Maskati
Pakistan manahodha walishusha jarife karibu mita mbili chini ya uso wa maji badala ya kuliacha lielee juu. Kamba ndefu zaidi kwenye maboya, basi. Pomboo wanaonasa walipungua sana na jodari hawakupungua kwa kiasi cha kumtia mvuvi hasara. Haina betri.

Jarife la Alfajiri
Hiyo ningeijaribu kesho. Kamba ninayo.

Nahodha Kizimkazi
Kwa papa inaweza, kwa nguru sidhani. Nguru anapita juu.

Jarife la Alfajiri
Nguru wakati gani? Kwenye giza la mwezi anashuka.

Nahodha Kizimkazi
Anashuka kwenu. Kwetu hashuki.

Kilindini Kwetu
Sasa tumehamia nguru.

Msomi wa Mapezi
Acha wahamie, mambo haya ndiyo hayamo kwenye ripoti yoyote. Jarife, nifuate pembeni tupange. Ukishusha nusu ya wavu na nusu ukaiacha juu, usiku uleule, tutalinganisha. Jina lako halitaandikwa, wavu wako hautachukuliwa.

Jarife la Alfajiri
Liandike hapa mbele za watu, siyo pembeni.

Msomi wa Mapezi
Nimeliandika.

Mzee wa Diko
Na mimi nina daftari la mnada, nitaongeza safu moja ya pomboo na nyangumi: tarehe, mahali, mzima au mfu, wavu gani. Majina siandiki. Lakini nijibuni: mzoga mbichi ukiletwa dikoni saa nane za usiku, nampigia nani? Nipeni namba ya ofisi itakayopokelewa.

Binti Watamu
Upande wetu kuna namba, mzee, na watu hutoka hata usiku. Upande wenu wajibu wenyewe.

Mwanapwani wa Tanga
Tanga sina namba ya kukupa, mzee. Jumatatu naanza na ofisi ya uvuvi ya wilaya, nitaleta jibu hapahapa.

Nahodha Kizimkazi
Binti Watamu, bado unanidai jibu la mama na mtoto. Mimi nitazima injini nikiwaona. Nataka uniambie jirani yangu atazimwa na nani.