Kampuni imebadilisha tovuti yake ya ajira, sasa vijana wa Mbeya hata maombi hawawezi kutuma

Wakuu, salaam. Nimevumilia vya kutosha, leo naongea.

Nina steshenari hapa Mwanjelwa. Siku hizi kutoa kopi ni kazi ndogo, kubwa ni kuwajazia watu maombi ya kazi mtandaoni. Sasa kuna kampuni moja ya kusindika mazao, ina vituo huku Nyanda za Juu Kusini (jina naliacha), imeutengeneza upya ukurasa wake wa ajira ikisema inataka kuvutia waombaji wengi zaidi. Waliotengeneza hawajawahi kukaa karibu na mtu anayetafuta kazi.

Ukifungua tu, video inaanza yenyewe. Mashamba yamepigwa kwa droni, ukungu, watu wamevaa kofia ngumu wanatabasamu. Kuizima huwezi. Kijana katoka Chunya na bando la kuungaunga, MB zinakata hajaona hata nafasi moja. Na nafasi zenyewe huzioni mpaka ujisajili, usubiri namba ya uthibitisho kwenye barua pepe, ndiyo ufunguliwe.

Haya, umefunguliwa. Unapakia CV, halafu fomu inakutaka uandike upya kila kilichomo kwenye hiyo CV, shule kwa shule, mwaka kwa mwaka. Kwa simu ndogo kitufe cha kuendelea kimefunikwa na kile kidirisha cha "tukusaidie nini?". Intaneti ikikatika kidogo unarudi mwanzo, fomu tupu. Ajira Portal ya serikali tunailalamikia kila siku, lakini kule angalau wasifu wako ukishaujaza unabaki, unautumia tena kwa nafasi nyingine.

Tangazo la dereva wa trekta limeandikwa Kiingereza kitupu. Mshahara haupo. Kituo cha kazi: "Nyanda za Juu Kusini". Jamani, hiyo ni Tunduma mpaka Ludewa! Mtu wa Uyole atajuaje kama atalala kwake au atahamia Makambako kupanga chumba?

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni maswali. Fomu inauliza kabila, dini, umeoa au umeolewa, una watoto wangapi, na bila kujibu huendi mbele. Kuna binti fundi umeme, ana cheti cha VETA, alifika hapo akaniuliza, "Kaka, nikiandika nina mtoto si wataniacha?" Nilikosa la kumjibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa kabila, dini, hali ya ndoa na majukumu ya familia, na inamlinda hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa. Sasa wanaulizia nini? Binti alifunga ukurasa, akaondoka. Fundi mzuri wamempoteza hivyo hivyo.

Namba ya NIDA nayo, tarakimu zote 20, inadaiwa hatua ya kwanza kabisa, kabla hata hujachagua nafasi. Tangu 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi: unakusanya kinachohitajika kwa lengo husika, na mwenye taarifa unamwambia unazitaka za nini. Pale hakuna hata mstari mmoja wa maelezo.

Ukimaliza yote hayo, kimya. Hata ujumbe wa "tumepokea" haupo. Zamani tangazo lilibandikwa getini kwa Kiswahili, unaacha bahasha kwa mlinzi, anakuandika kwenye daftari. Ulikuwa unajua imefika.

Hawahitaji mamilioni mengine kurekebisha. Waitoe video. Nafasi zionekane bila kujisajili, zikiwa na wilaya, kiwango cha mshahara na tarehe ya mwisho, kwa Kiswahili. Maswali ya ndoa na kabila yafutwe leo, si kesho. NIDA waombe kwa aliyepata kazi. Maombi yakifika, SMS moja inatosha.

Kama kuna mtu wa idara yao ya rasilimali watu humu, ajibu hapa hapa. Na nyie mliokwama kwenye hiyo fomu, wekeni picha za skrini tuone ni hatua gani, ila zifuteni kwanza namba zenu za NIDA na za simu.