Fundi kaziba mlango mzima kwa lami, kubadili mashine ya kioo kumechukua siku mbili!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Mikono yangu ni myeusi hadi viwikoni na hata petroli haijautoa huu uchafu.

Mwaka jana nilimlipa fundi wa muziki wa magari hapa Dar laki tatu na nusu, anifungie spika kwenye Toyota IST yangu na kubandika zile shiti za foili za kuzuia kelele milango yote minne. Sikatai, besi ilitulia. Wiki iliyopita kioo cha dereva kikadondokea ndani ya mlango, tena mvua inanyesha. Fundi umeme akasema mashine ya kioo, ile inayokipandisha na kukishusha, imekufa, kazi ya saa moja.

Akatoa kava la ndani la mlango. Foili tupu! Yale matundu makubwa ambayo kiwanda kinayaacha ili mkono uingie, yamezibwa yote. Boliti za mashine zimefunikwa, tukawa tunapapasa kwa vidole kuzitafuta. Kuchana kwa wembe, foili ikatoka peke yake, chini ukabaki uji mweusi unaorefuka kama ulimbo. Kumbe wala si butili, ile gundi ya mpira inayotakiwa kuwa chini ya foili. Ni lami ya kuzibia mapaa yanayovuja, na jua la Dar limeshaiyeyusha. Ndani yake ulikuwa umelala waya wa loki. Nao ukakatika.

Kilichonimaliza ni chini ya mlango. Maji ya mvua huwa yanapita kwenye mpira wa kioo na kuingia mlangoni, ndiyo maana chini kuna vitundu vya kuyatoa. Huyu fundi wa muziki kavibandika foili! Fundi alipotoboa kimoja kwa bisibisi, maji ya rangi ya chai yakamwagikia viatu vyake, yananuka. Kutu imeshakula mkunjo wa bati.

Nikampigia huyo wa muziki. Ananijibu, "Bosi, ile kazi ni ya kudumu, haikutakiwa kufunguliwa." Mlango wenye mota, loki na waya ndani usifunguliwe maisha?

Wala hakukuwa na haja ya kuziba matundu. Kinachotetemeka zaidi ni bati la nje. Unalibandika kwa ndani, na vipande vya kufunika kama robo ya eneo lake vinapunguza mtetemo kwa kiasi kikubwa. Matundu unayawekea kifuniko cha skrubu, au unarudisha nailoni ya kiwandani, ile karatasi ya plastiki inayokaa nyuma ya kava. Yangu aliichana akaitupa bila kuniuliza!

Bado milango mitatu, na wa abiria mbele nikikata kona nasikia maji yanacheza ndani. Jumamosi naufungua. Aliyewahi kutoa lami hii bila kubabua rangi, iwe kwa mafuta ya taa, barafu au draya ya saluni, anielekeze. Na mwenye kujua zinapouzwa nailoni za milango ya IST, hata za mtumba, aniambie bei.